Ajali ya grainda huanza kabla ya kuwasha

Swali ambalo wasomaji hawachoki kuuliza, hasa vijana wanaoanza kazi ya mageti, madirisha ya grili na vigae, ni hili: nivae nini ninapotumia grainda? Mmoja anataka kujua aina ya miwani, mwingine anauliza kuhusu glavu, mwingine kama kofia ya kuchomelea inatosha. Majibu yapo, na yamo humu chini. Ila swali lenyewe limeshika jambo mkiani. Miwani na glavu hupunguza madhara ya ajali ambayo tayari imetokea. Ajali ya grainda, mara nyingi mno, imekwisha kuandaliwa kabla kidole hakijafika kwenye swichi: imeandaliwa na jiwe lililofungwa, na kava lililotolewa likatupwa kwenye kona, na namna bomba lilivyolazwa juu ya matofali mawili. Kwa hiyo makala hii inaanza na maandalizi, na mavazi yatafuata kwa zamu yake.

Nimechagua grainda ya mkono kati ya mashine zote za umeme kwa sababu imeenea mno. Utaikuta kwa mchomeleaji wa Gerezani na seremala wa Keko, Dar es Salaam, kwa fundi vigae anayezunguka mitaani na begi lake, na kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi. Tena ni mashine ambayo karibu kila mtu hujifunza kwa kumtazama mwenzake, akirithi ustadi wake pamoja na makosa yake.

Mkono hauliwahi jiwe

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mjadala huu huishia kwenye ubishi wa nani ana mkono imara. Grainda ndogo inayotumia jiwe la milimita 115, yaani inchi nne na nusu, huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa jiwe lake unakwenda mita 66 hivi kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Ile kubwa ya milimita 230 huzunguka taratibu zaidi, mara 6,500 hivi, lakini kwa kuwa jiwe lake ni pana, ukingo unakimbia zaidi: mita 78 kwa sekunde, au kilomita 280 kwa saa. Sasa linganisha na mwili wa mtu. Tangu jicho lione hatari hadi mkono uanze kuondoka, hupita karibu moja ya tano ya sekunde, hata kwa kijana mwepesi. Ndani ya muda huo jiwe dogo limeshazunguka zaidi ya mara thelathini. Jiwe likibanwa ghafla, nguvu yote hiyo huhamia kwenye mashine, nayo hupiga teke kuelekea usoni, kifuani au pajani kabla hujatambua kilichotokea.

Hapo ndipo hoja ya uzoefu inapoyumba. Fundi atasema: nimeshika mashine hii miaka ishirini, na vidole vyangu vyote hivi hapa. Ni kweli, na Mungu azidi kumlinda. Lakini ushahidi wake una kasoro moja kubwa: anayeutoa ni yule aliyebaki. Aliyepoteza jicho aliacha kazi, akarudi kwao au akafungua duka, na hayupo karakanani kutoa ushahidi wa upande wake. Ukiwahesabu waliosalimika peke yao, kila njia itaonekana salama. Uzoefu una faida, tena kubwa, ila faida yake iko katika kuchagua jiwe, kutambua bomba litakalobana na kukataa kazi isiyofaa. Teke likishaanza, mkongwe na mwanagenzi wako sawa.

Soma jiwe kabla ya kulifunga

Karibu kila jiwe la kiwandani limeandikwa mambo ya kutosha kukuokoa, tatizo ni kwamba wengi huangalia kipenyo na bei basi. Yatazame haya:

- Kasi ya juu inayoruhusiwa. Mawe ya kawaida yametengenezwa kuvumilia mita 80 kwa sekunde ukingoni. Kwa jiwe la milimita 115 hiyo ni mizunguko 13,300 kwa dakika. Kwa la 125 ni takriban 12,250. Kwa la 230 ni takriban 6,650. Namba iliyo kwenye jiwe lazima iwe sawa na ile ya mashine au iizidi.
- Kazi yake: kukata au kusugua. Jiwe la kukatia ni jembamba, milimita moja hadi tatu. La kusugulia lina unene wa milimita sita hivi.
- Nyenzo yake: chuma, chuma kisichoshika kutu, au mawe na zege.
- Tarehe ya mwisho ya matumizi, ambayo huchapwa kwenye kijipete cha chuma katikati ya jiwe, kwa mwezi na mwaka.

Namba ya kwanza ndiyo inayokiukwa kwa hatari kubwa kuliko zote. Fundi ana grainda ndogo, kazi inadai jiwe kubwa, basi anatoa kava na kufunga jiwe la milimita 230 kwenye mashine ya mizunguko 11,000. Ukingo wa jiwe hilo sasa unakwenda mita 132 kwa sekunde, ilhali limeundwa kwa 80. Na nguvu inayovuta jiwe lipasuke haiongezeki sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Katika mfano huu, jiwe linavutwa kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya ile liliyoruhusiwa, na kava lililokuwa lizuie vipande limelala sakafuni.

Wapo wenye hoja nzuri kidogo kuliko hiyo. Wanasema: sifungi jiwe kubwa jipya, nafunga lile lililokwisha kuliwa, kwa nini nilitupe? Hesabu inajibu tena. Jiwe la 230 lililoliwa hadi kubaki milimita 150 bado linakwenda mita 86 kwa sekunde kwenye mashine ndogo, juu ya kikomo, na bado halienei ndani ya kava. Zaidi ya hayo, jiwe lililotumika halijaliwa sawasawa pande zote, na huenda lina ufa usioonekana. Hicho kipande unachokiokoa ni cha shilingi chache.

Kosa la pili ni kusugulia kwa jiwe la kukatia. Umekata bomba, umebaki ukingo mkali, na uvivu wa kubadili jiwe unakuambia ulilaze ubavu kidogo tu. Jiwe la kukatia limetengenezwa kuvumilia msukumo wa ukingoni. Ubavuni halina nguvu, na lile la milimita moja ndilo dhaifu kuliko yote. Linaweza kukuvumilia mara kumi na kupasuka mara ya kumi na moja, ndiyo maana tabia hii haifi: kila mara isipoadhibiwa inajifanya ni ustadi.

Kuhusu tarehe, wengi hudhani ni ujanja wa wafanyabiashara. Sivyo. Chembe za jiwe zimegandishwa kwa gundi, na gundi hiyo huchoka kwa umri na kwa unyevu, kwa hiyo mawe ya aina hii hupewa kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa. Katika mji wa pwani wenye hewa nzito ya chumvi, jiwe lililoachwa wazi juu ya mchanga kando ya ndoo ya maji linachoka mapema zaidi. Weka mawe pakavu, yakiwa yamelala bapa. Jiwe lisilo na tarehe wala kasi iliyoandikwa usilinunue, hata muuzaji akiapa.

Bado watu hugonga jiwe wasikie kama linalia. Kipimo hicho ni cha mawe manene ya mashine ya mezani. Kwa haya membamba ya gundi hakiaminiki. Hapa njia bora ni kulikagua kwa macho, kulifunga kwa spana yake, kisha kuiwasha mashine izunguke bure kwa nusu dakika hadi dakika moja huku umeielekeza mahali pasipo na mtu. Likitetemeka au likilia vibaya, zima na litoe. Na grainda ikianguka ikiwa na jiwe, jiwe hilo halina kesi ya kusikilizwa. Lipasue mwenyewe, uhakikishe hakuna mwingine atakayeliokota.

Kava

Katika karakana nyingi kava la grainda ni kitu cha siku ya kwanza. Linatoka kwenye boksi pamoja na karatasi ya maelekezo, na vyote viwili havionekani tena. Sababu zinazotolewa ni mbili, na zote zinastahili kujibiwa kwa uzito.

Ya kwanza ni kwamba linaziba macho, fundi haoni mstari wa kukata. Kava linaweza kuzungushwa. Limewekewa klipu au skrubu kwa ajili hiyo hiyo. Lisogeze hadi upande uliofungwa uwe kati yako na jiwe, na upande ulio wazi uwe kwenye kazi. Mkao ukibadilika, kava nalo libadilike, kazi ya sekunde chache. Ya pili ni kwamba linapunguza kina cha kukata. Hilo ni kweli. Lakini bomba la mraba la milimita 100 halihitaji jiwe lipenye hadi ng'ambo: unachora mstari kuzunguka pande zote nne kwa skwea, unakata upande mmoja, unaligeuza, unakata mwingine. Mkato unatoka safi zaidi hivyo kuliko kwa kulazimisha jiwe lizame lote. Nondo au chuma kizito kisichokatika kwa njia hiyo kinadai mashine kubwa au mashine ya mezani ya kukatia, na kuazima au kukodi si aibu.

Mpini wa pembeni una hadithi hiyo hiyo. Grainda ni mashine ya mikono miwili. Anayeishika kwa mkono mmoja ili wa pili ushike bomba ameacha udhibiti wa vyote viwili, na mkono ulioshika bomba uko kwenye njia ya jiwe.

Namna ya kulaza kazi

Hapa ndipo teke linapozaliwa, na hapa ndipo pengo la mafunzo ya kutazamana linapoonekana wazi, kwa sababu kosa lenyewe halionekani kama kosa. Chukua bomba la mita sita, liweke juu ya matofali mawili, moja kila upande, ukate katikati. Linaonekana limetulia. Lakini kadiri jiwe linavyozama, bomba linalegea katikati na kuinama kwa uzito wake, mdomo wa mkato unajifunga, na jiwe linabanwa kama kwenye jiliwa. Fundi wa kawaida akihisi kukwama huongeza nguvu. Ndiyo hatua mbaya kuliko zote.

Suluhisho halihitaji pesa. Laza kazi ili kipande kinachokatwa kining'inie nje ya egemeo, upande mrefu ukiwa umekazwa. Uzito wa kipande utafungua mkato badala ya kuufunga. Vipande virefu pande zote mbili viwekewe egemeo karibu na mkato na pia mwishoni. Kaza kwa klampu au jiliwa. Kukanyaga bomba kwa mguu, ambako nako kumekuwa desturi, kunauweka mguu sentimita chache kutoka kwenye jiwe na wala hakulizuii bomba kuzunguka.

Kuhusu kijana wa kushikia: usimtumie. Mtu akimshikia mwenzake bomba hana swichi, hana mpini na haoni kinachokuja, na kwa kawaida ndiye mdogo kuliko wote pale, aliyekuja kujifunza. Klampu mbili za bei ya kawaida zinafanya kazi yake vizuri zaidi na hazichoki.

Ukiwa tayari kukata, simama pembeni kidogo, ili mstari wa jiwe usipite katika uso wala tumbo lako. Subiri mashine ifikie kasi yake kamili kabla ya kugusa chuma. Msukumo uwe mwepesi na mkato unyooke. Jiwe jembamba likipindwa ndani ya mkato linapasuka. Isukume mashine kwa mwelekeo unaopingana na mzunguko, yaani ule ambao jiwe linakuzuia kidogo, kwa sababu upande wa pili jiwe lenyewe linavuta mashine na kuirusha nje ya mkato. Likikwama, zima, subiri lisimame kabisa, ndipo ulitoe.

Bledi ya meno kwenye grainda

Maseremala na mafundi wa dari hufunga bledi ya meno kwenye grainda kukatia mbao. Jibu langu ni fupi: usifanye hivyo. Jiwe linasaga, meno yanauma. Jino likiuma fundo la mbao, mashine haina pa kwenda isipokuwa kwako. Msumeno wa duara umewekewa bapa la kuegemea kwenye mbao na kava linalojifunga lenyewe ukitoka kwenye mkato; grainda haina kimojawapo. Bledi nyingi za msumeno za inchi saba pia zimeandikwa kasi ya juu iliyo chini ya mizunguko 11,000.

Utaambiwa kwamba dukani zipo bledi ndogo za inchi nne zilizoandikwa kasi ya kutosha. Zipo. Zinatatua suala la kupasuka na kuacha lile la teke kama lilivyokuwa, nalo ndilo linalokata mishipa ya mapaja na mikono. Zile diski zenye mnyororo wa msumeno ukingoni, za kuchongea, ni mbaya zaidi.

Umeme unaporudi

Grainda nyingi zina swichi ya kusukuma inayojifunga. Umeme ukikatika katikati ya kazi, fundi huiweka mashine chini, anakwenda kunywa chai, na swichi imebaki mbele. Umeme ukirudi, mashine inaamka peke yake juu ya meza, inatambaa, inakamata waya wake au nguo ya mpita njia. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi bila taarifa, hili si jambo la nadra. Umeme ukikatika, mambo mawili kwa mpangilio: zima swichi, chomoa plagi. Unaponunua mpya, tafuta yenye kinga ya kutojiwasha umeme unaporudi, au yenye swichi inayozima ukiiachia.

Kubadili jiwe kufanyike plagi ikiwa imechomolewa, au betri ikiwa imetolewa kwa zile za betri. Kuzima swichi hakutoshi, maana ni kazi inayofanywa kwa vidole vikiwa juu ya jiwe, na swichi ya kusukuma huguswa kirahisi na kiganja.

Upande wa nyaya, haya ndiyo makosa ya kila siku:

- Kukata plagi na kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi kwa njiti za kiberiti. Plagi ya pini tatu ina fyuzi, njiti haina.
- Ekstensheni iliyokunjwa kwenye gurudumu lake wakati mashine ya wati 2,000 inafanya kazi. Mashine hiyo inavuta karibu ampea tisa, na waya uliojikunja unapata moto hadi kuyeyuka. Ukunjue wote.
- Waya uliochubuka na kufungwa kwa nailoni. Fupisha waya, au badilisha.
- Waya kupita mbele ya jiwe. Upitishe begani au nyuma yako.

Mwenye karakana aweke kwenye ubao wa umeme swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Fyuzi hulinda waya na mashine. Hii ndiyo inayomlinda mtu.

Fundi vigae ana mtego wake hapa. Amesikia kwamba vumbi la vigae ni hatari, basi mwenzake anammwagia maji kwa chupa wakati anakata kwa grainda ya umeme wa ukutani. Amekimbia vumbi, amekutana na shoti, kwa sababu grainda ya kawaida ina matundu ya hewa yanayoingiza maji moja kwa moja kwenye mota. Anayetaka kukata kwa maji atumie mashine ya vigae yenye beseni, iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Asiyekuwa nayo akatie nje, upepo ukitoka mgongoni kwake, na avae barakoa nitakayoitaja.

Pipa tupu

Cheche za grainda husafiri mita kadhaa na zinaweza kukaa ndani ya vumbi la mbao zikifuka taratibu mpaka karakana imefungwa. Sogeza thina, rangi, petroli, magodoro na matambara kabla ya kuanza, uwe na ndoo ya mchanga au kizima moto karibu, na ukague eneo nusu saa baada ya kumaliza. (Cheche hizo pia hutoboa vitobo vidogo kwenye vioo na kwenye vigae vipya, jambo ambalo mwenye gari aliyeegesha jirani atakukumbusha.)

Hatari kubwa ni kukata mapipa ya zamani ili kutengeneza majiko, tangi za maji au mageti. Pipa lililobeba petroli, thina au dizeli na likaonekana tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake mvuke wa mafuta umechanganyika na hewa, mchanganyiko unaosubiri cheche moja. Kulisuuza kwa maji na kuliacha juani hakulisafishi. Mafuta hubaki kwenye mikunjo ya maungio na kutoa mvuke upya chuma kinapopata joto. Pipa ambalo hujui lilibeba nini, usilikate. Kazi hiyo ikatae hata kama mteja amelipa kianzio.

Sasa mavazi

- Macho. Miwani ya kazi yenye kinga za pembeni, iliyoandikwa EN 166 au Z87. Kwa kukata, ongeza ngao ya uso juu ya miwani, kwa sababu ngao peke yake huacha upenyo chini. Miwani ya jua haina kazi hapa. Kioo chake kikivunjika kinaongeza vipande. Kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi haifai: huoni kazi, na baada ya dakika moja utaiinua. Ukilalamika kwamba miwani inashika ukungu kwa joto la Dar es Salaam, una haki; tafuta yenye matundu ya hewa na uifute, usiiweke kichwani.
- Masikio. Grainda inapokata chuma hufikia karibu desibeli 100. Kikomo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu za ziada hupunguza muda huo nusu, kwa hiyo kwa 100 unabakiwa na dakika 15. Vizibo vya masikio vya sponji ni vya bei ndogo kabisa.
- Mapafu. Zege, matofali na vigae hutoa vumbi la silika, ambalo huacha makovu ya kudumu kwenye mapafu. Ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya. Barakoa iwe ya N95 au FFP2. Kitambaa hakizuii chembe hizo.
- Mikono. Glavu za ngozi zinazobana, zisizo na nyuzi zinazoning'inia. Kwenye drili ya mezani vua glavu kabisa, maana kekee ikikamata glavu huvuta na mkono.
- Nguo. Hakuna mtandio, kanga kiunoni, shati lisilofungwa vifungo, mkufu wala kamba za jaketi. Jezi za nailoni huyeyukia mwilini zikipata cheche. Pamba nzito au aproni ya ngozi ni bora.
- Miguu. Kiatu kilichofunika vidole. Ndala ziache mlangoni.

Utasema: hayo yote ni gharama, na mteja anabembeleza bei. Anza basi na miwani, kisha vizibo vya masikio, kisha barakoa, kwa mpangilio huo, na uviingize kwenye hesabu ya kazi pamoja na mawe na umeme. Ukiwa umeajiriwa, si wewe wa kununua. Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga; Kenya ina sheria yake ya 2007. Vilevile mwajiri wa Tanzania Bara anapaswa kujisajili na kuchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na wa Kenya anapaswa kuwakatia wafanyakazi bima ya ajali kazini. Mwenye karakana anayeona haya ni ya makampuni makubwa ajue kwamba sheria hazikuwaondoa wadogo.

Ajali ikishatokea

Chembe ya chuma ikiingia jichoni, usitumie njiti, ncha ya kanga wala ulimi wa mwenzako. Usisugue. Safisha kwa maji safi yanayotiririka. Ikibaki, au ukihisi ilipiga kwa kasi, funika jicho bila kuligandamiza na uende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, kwa sababu chuma huota kutu ndani ya jicho na mduara wa kutu hauondoki kwa matone ya duka la dawa. Kitu kilichochoma na kubaki kimesimama jichoni kisiguswe wala kisichomolewe.

Jeraha linalovuja damu nyingi ligandamizwe moja kwa moja kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kila mara kuchungulia. Usipake majivu, kahawa, mafuta ya breki wala dawa ya meno. Kidole kilichokatika kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki na uufunge vizuri, kisha weka mfuko huo ndani ya mwingine wenye maji na barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja. Kiende hospitali pamoja na mwenyewe, kwenye gari lile lile, na hospitalini muulizie chanjo ya pepopunda.